Sikubali Iliyopoteza S

Jumatatu, tarehe 3 Julai 2023, saa moja na dakika arobaini asubuhi, manyunyu yakipiga madirisha ya upande wa mashariki na kipimajoto cha ukutani kikisoma nyuzi kumi na tatu, niliketi mbele ya karani wa usajili nikamkabidhi vidole vyangu kumi. Nilikuwa nimefika dakika ishirini kabla ya wakati. Nilisoma katika shule ya bweni ambayo mlango wa bwalo ulifungwa kengele ilipokoma kulia, na tangu nilipoiacha sijamsubirisha mtu yeyote.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Ofisi nzima ilimwita Jaribu Tena, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yaliyotamkwa na kifaa chake kila kilipokataa kidole.

"Gumba la kulia, Mzee."

Niliweka gumba la kulia juu ya kioo kidogo chenye mwanga wa kijani.

"Jaribu tena," kikasema kifaa.

"Bonyeza kidogo. Usiogope, hakiumi."

"Siogopi. Nimebonyeza."

"Jaribu tena."

Tulivizungukia vidole vyote kumi, kila kimoja mara tatu. Karani alifuta kioo kwa kitambaa, akavipulizia vidole vyangu pumzi kama mtu anayewasha jiko, akanipaka mafuta, akayafuta, akanipaka tena. Alipofika kidole kidogo cha kushoto alivua miwani, akakishika kidole hicho na kukigeuza kwenye mwanga.

"Mzee, samahani. Mistari imeenda wapi?"

Nilimweleza kwa ufupi, maana sipendi kusimulia mwili wangu. Nina skleroderma. Ni ugonjwa ambao mwili hujigeuka wenyewe na kuikaza ngozi mpaka ikawa kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Ulinianza miaka sita iliyopita kwa mlango wa baridi: vidole vikawa vyeupe kama chaki, kisha rangi ya wino, kisha vikawaka moto. Baadaye ngozi ikaanza kung'aa na kubana. Sasa vidole vyangu havikunjiki vikaisha, wala havinyooki vikaisha, na ncha zake ni laini kama kijiko. Michirizi ambayo kila mtu huzaliwa nayo imefutika.

"Pole, Mzee," alisema. Kisha akaandika kwenye fomu yangu, kwa mwandiko mzuri ambao sikuweza kuulaumu: *Hana alama.*

"Shuleni sikuwahi kuandikiwa hivyo," nilisema.

Alicheka mpaka kamba ya miwani ikatikisika. Sikuwa nimekusudia mzaha.

Ni lazima nieleze kwa nini jambo hilo lilinikaa kooni. Mimi ni mkuu wa karakana ya mizani katika ofisi ya vipimo. Mizani ya duka la nyama, ya ghala la nafaka, ya duka la dawa, ya chumba wanakopimiwa watoto wachanga, yote hupita mikononi mwetu mara moja kwa mwaka. Tunaipima kwa mawe yetu ya shaba ambayo uzito wake unajulikana hadi sehemu ndogo ya gramu, na ikiwa ya kweli tunaitolea cheti. Chini ya cheti lipo jina la aliyepima. Kwa miaka ishirini na saba nimeliandika jina langu pale kwa wino, na sijaliandika hata mara moja kwa mizani ambayo sikuipima mwenyewe. Mafundi huniita Gramu nisipokuwepo. Wanadhani sijui.

Sasa utaratibu ulibadilika. Kuanzia Jumatatu iliyofuata vyeti vingetolewa kwa kishikwambi, na jina la mkaguzi lingetokea tu baada ya kidole chake kutambuliwa. Wino ulifutwa. Mkaguzi ambaye kidole chake hakikutambuliwa angeweza kupima kutwa nzima, lakini asingeweza kusema kwamba amepima. Angekuwa mtazamaji katika karakana yake mwenyewe.

Jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba katika kazi yetu alama za vidole ni adui. Jasho la kidole kimoja likibaki juu ya jiwe la shaba huongeza uzito na baadaye hula madini. Ndiyo maana mawe tunayashika kwa kibanio, na nimewakaripia mafundi wawili, watatu hivi, mpaka wakatokwa machozi, kwa sababu ya doa la gumba. Msaidizi wangu alilikumbuka jambo hilo siku ileile aliposikia habari.

"Basi Mkuu umefika daraja la juu kabisa," alisema. "Mkaguzi asiyeacha doa."

Msaidizi huyu tulimwita Kibanio, kwa sababu ya miguu yake mirefu na jinsi alivyoinama mezani kana kwamba anataka kuokota kitu. Ana miaka arobaini na mmoja. Nilimfundisha kazi kuanzia kufagia, na nilikuwa nikimwamini kama ninavyoiamini mizani yangu, yaani baada ya kuikagua.

Nyumbani mke wangu alipokea habari hizo kwa namna yake. Yeye ni mshonaji, na huongea akiwa na pini midomoni.

"Baba watoto, kwani ni ajabu? Simu yenyewe ilishakususa zamani. Ukiigusa inakaa kimya kama imemwona mkwe."

Alisema kweli. Kioo cha simu kinahitaji ngozi iliyo hai na yenye unyevunyevu. Changu kilidhani nakigusa kwa kipande cha mti. Wakati mwingine nililazimika kukigonga mara nne ili herufi moja itokee, na wakati mwingine zikatokea herufi mbili. Nilikuwa nimejifunza kuandika kwa fundo la kidole cha shahada, nikigonga kama mtu anayebisha hodi. Salio lilikuwa likiangaliwa na mke wangu, umeme ukilipwa na mke wangu, na watoto wetu walioko mbali wakiandikiwa na mke wangu, kwa maneno yake, chini ya jina langu. Binti yetu aliwahi kuniuliza tangu lini nimeanza kumwita *mpenzi wangu kipepeo*.

"Mwombe Kibanio akusaidie," mke wangu alisema.

"Kunisaidia kupima sawa. Kunisaidia kuwa mimi, hapana."

"Haya." Alichomoa pini mdomoni. "Ila ukijikwaa kwa kiburi, usiniite nije kukuinua. Mgongo unaniuma."

Tarehe 10 Julai Mkurugenzi aliniita. Ni mwanamke mwenye haraka, mdogo kwangu kwa miaka kumi, na ana tabia ya kupanga kalamu zake kwa urefu huku akizungumza. Alikuwa na wazo. Kibanio angesajili kidole chake mara mbili, mara moja kwa jina lake na mara nyingine kwa jina langu. Mimi ningepima, yeye angegusa. Hati ya ruhusa alikuwa ameshaiandaa.

"Kidole ni kidole, Mzee wangu. Mashine haijui nani mwenye nacho."

"Lakini anayesoma cheti anadhani anajua."

"Fikiria basi. Usinijibu kwa hasira."

"Nitakujibu kwa maandishi," nilisema, kwa sababu jambo zito hujibiwa kwa maandishi, na kwa sababu, nakiri, nilipenda jinsi sentensi hiyo ilivyosikika.

Jumatano na Alhamisi nilikuwa kliniki. Daktari wa viungo huniona kila baada ya miezi mitatu. Huniminya vidole kimoja kimoja, hukagua vidonda vya ncha, huniingiza mikono kwenye maji ya vuguvugu na kuandika jinsi rangi inavyorudi. Safari hii alitaka pia kupima mapafu na damu, na ndiyo maana zikawa siku mbili. Jumatano, saa moja kasorobo asubuhi, nikiwa kwenye benchi la nje nikisubiri mlango ufunguliwe, simu ilitetemeka. Ujumbe ulitoka kwa Mkurugenzi: *Mzee, hati ya Kibanio kuweka kidole kwa jina lako iko mezani. Nasubiri neno lako tu.*

Palikuwa na upepo. Vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeupe ndani ya glavu. Nilivua ya kulia, nikagonga kwa fundo neno moja, *Sikubali*, na nukta yake, nikagonga alama ya kutuma, nikarudisha mkono kwapani. Sikulisoma. Mimi ambaye hurudia kupima jiwe moja mara tatu, ambaye niliwahi kumrudisha fundi kilomita arobaini kwa sababu ya sifuri iliyoandikwa kama sita, sikulisoma neno langu mwenyewe.

Ijumaa asubuhi, tarehe 14, nilifungua daftari la vyeti kama ninavyofanya kila siku kabla sijavua koti. Nilikuta vyeti saba vyenye jina langu. Cha kwanza kilikuwa cha mizani ya watoto wachanga ya zahanati moja, na kilisema kwamba nimeipima Jumatano saa nne na dakika ishirini. Saa nne na dakika ishirini mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni la daktari.

Karakana ilikuwa imejaa. Mafundi wanane walikuwa mezani, karani wa stoo alikuwa dirishani, mfagiaji alikuwa na ndoo yake, na tarishi alikuwa ameleta barua. Kumi na mmoja kwa jumla. Kibanio alikuwa anasafisha sahani ya mizani.

"Hivi vyeti saba," nilisema, "ni nani aliyevitoa?"

"Mimi, Mkuu. Nilipima yote mwenyewe, daftari la vipimo hilo hapo. Jina lilitokea lako kwa sababu kidole..."

"Sikuuliza habari ya kidole. Nauliza nani alikupa jina langu."

Alinyanyuka taratibu. "Mkuu, si wewe mwenyewe ulikubali?"

"Mimi?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

Hapo nilisema neno ambalo sikuwa na haki nalo. Nilisema kwamba katika shule yangu kijana aliyetia sahihi jina la mwenzake aliitwa mghushi na hakulala tena bwenini usiku ule, na kwamba sikutegemea kumlea mghushi kwa miaka kumi na minane. Nililisema mara mbili, kwa sauti ya kutosha kufika mlangoni. Mfagiaji aliweka ndoo chini. Kibanio alinitazama, akaifunika mizani kwa kitambaa chake kama kanuni inavyotaka, akaenda kunawa mikono na hakurudi mpaka mchana.

Nilipanda kwa Mkurugenzi nikiwa nimejiandaa kujiuzulu. Nilimuuliza ni nani aliyempa ruhusa. Alichukua simu yake, akaifungua, akaigeuzia kwangu. Chini ya ujumbe wake lilikuwapo neno langu la maandishi.

*Ikubali.*

"Nikaikubali," alisema Mkurugenzi. "Hati ndiyo uliyoisema, sivyo?"

Nilitoa simu yangu. Nilihangaika nayo dakika nzima kabla haijafunguka. Neno lilikuwa lilelile. Nilikuwa nimegonga S na kioo hakikunisikia. Kikaanzia kwenye herufi iliyofuata, na simu, kwa adabu yake, ikaipa herufi hiyo ukubwa wa mwanzo wa sentensi, mpaka pasibaki hata kovu la kuonyesha kwamba kuna kitu kimekatwa. Kukataa kwangu kulikuwa kumefika kama amri ya kukubali, kukiwa na nukta.

Nilikaa bila kualikwa. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza.

"Vyeti vyote saba virudishwe," nilisema hatimaye. "Nitaipima upya mizani yote mwenyewe."

"Virudishwe kwa sababu gani? Makao makuu watauliza. Lazima barua itaje kosa na mwenye kosa." Alianza kupanga kalamu. "Nisikilize, Mzee wangu. Karani wa usajili ameniletea kitabu cha maelekezo cha ile mashine. Ukurasa wa arobaini na moja: mtu asiye na alama anaweza kupewa namba ya siri, afungue cheti kwa namba. Kibali natoa mimi. Ila nikiandika kwamba wewe, kwa kioo hichohicho, uliandika ndiyo ukidhani umeandika hapana, nani atanielewa nikikupa namba ya kugonga kwenye kioo?"

"Hakuna."

"Basi. Tuandike kwamba msaidizi alitumia kidole bila kuelewa mipaka ya ruhusa. Atapata barua ya onyo, moja. Yeye bado ana miaka mingi ya kuifuta. Wewe unabakiza mitatu kabla ya kustaafu, na jina safi."

Sitadai kwamba sikushawishika. Jina langu lilikuwa mezani, na nilichotakiwa kukifanya ni kukaa kimya tu, kazi ambayo haihitaji vidole. Nilizitazama kalamu zake zilizopangwa. Nilifikiria mtu aliyeifunika mizani kabla ya kuondoka, ilhali nimemtukana.

"Andika kwamba kosa ni langu," nilisema. "Andika neno lenyewe, na herufi iliyokosekana. Kuhusu kioo, nipe wiki moja. Ijumaa ijayo nitatoa cheti kizima mbele yako bila mkono wa mtu. Nikishindwa, Kibanio atatia sahihi kwa jina lake, na mimi nitahesabu siku zangu dirishani."

"Na usiposhindwa?"

"Utanipa namba."

Aliitazama saa ya ukutani kana kwamba wiki imeshaanza. "Ijumaa saa tatu," alisema.

Siku zile nilizunguka na gari la ofisi nikipima mizani saba. Yote ilikuwa sahihi. Kibanio hakuwa amekosea hata sehemu moja ya gramu, na kila nilipokuta kipimo chake kinalingana na changu nilijisikia mdogo kidogo zaidi. Muuguzi wa ile zahanati aliniuliza kwa nini mizani iliyopimwa Jumatano inapimwa tena Jumatatu. Nilimwambia ukweli. "Kumbe hata nyie mnakosea," alisema, akaonekana kufurahi.

Jioni nilijaribu kutengeneza kijiti cha kugusia kioo. Kanuni yake si siri: kioo hukitambua kitu kinachopitisha ule umeme mdogo wa mwili. Ngozi ya ncha za vidole vyangu haiupitishi, lakini kiganja kizima bado kinaupitisha. Kwa hiyo kijiti kinatakiwa kiwe cha madini, kinene cha kujaa kiganjani, na ncha yake iwe na kipande cha sponji chenye unyevu. Nilichora vizuri. Nilipoweka kipande cha shaba kwenye mashine ya kukereza, mikono haikuweza kukaza kishikio. Kipande kilichomoka, kikabingirika chini ya meza. Nilikifuata kwa magoti.

Nilipoinuka niliona miguu mirefu mlangoni.

"Shaba hiyo utaimaliza, Mkuu," alisema Kibanio.

Nilikuwa nimepanga kumwambia maneno fulani siku hiyo, kwa mpangilio maalumu. Mpangilio ulinitoka. Nilimwonyesha simu yangu, nikamwambia nilikusudia kuandika *Sikubali*.

Alisoma, akakunja uso, akasoma tena. "S iko wapi?"

"Ndilo swali lenyewe. Haikuandikika. Nilikutukana kwa kosa langu, na naomba radhi."

Alinirudishia simu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikaona anacheka, anajizuia na kushindwa.

"Mkuu, yaani miaka yote unatukaba koo kwa nukta na mkato, halafu herufi moja tu inakuuza?"

"Cheka. Una haki."

"Nimecheka. Na radhi nimeipokea." Akaacha kucheka. "Ila tuelewane. Hapa tuko wawili. Siku ile uliponiita mghushi palikuwa na watu kumi na mmoja. Mke wangu aliisikia habari sokoni kabla sijafika nyumbani. Hilo bado unadaiwa."

"Najua ninadaiwa."

"Haya, lete hicho kipande. Mchoro huu nani kachora? Shingo nyembamba, itavunjika."

"Haitavunjika."

"Itavunjika, Mkuu. Ngoja nikuonyeshe."

Ilibidi nikiri kwamba shingo ilikuwa nyembamba. Tulibishana kuhusu unene mpaka mlinzi akaja kufunga. Kibanio alikereza, mimi nilishika taa na kupima. Mara tatu alinikabidhi kile kishikio nikikunjie kiganja jinsi kinavyoweza kukunjika, akatia chaki mahali kilipobana, akapunguza. Hakikufanana na kalamu. Kilifanana na mchi mdogo wa kutwangia. Mke wangu alikishonea mfuko wa kitambaa na kamba ya kuvalia shingoni, akasema sasa nimekuwa mchungaji aliyepoteza kondoo akabakiwa na kengele.

Alhamisi nilifanya mazoezi sebuleni kwa simu. Niligundua kwamba kijiti kikibanwa sana sponji hukauka, kisipobanwa herufi hurukwa. Kwamba mikono ikae kwanza kwenye chupa ya maji ya moto kwa dakika kumi. Na kwamba S iko mahali pabaya, pembezoni, ambako mkono wangu hufika kwa mshazari. Niliandika S mia mbili. Kisha nikamwandikia binti yetu mimi mwenyewe, sentensi mbili. Alijibu upesi: *Mama, mbona leo umekuwa mkali?*

Ijumaa, tarehe 21, saa tatu kamili, Mkurugenzi alisimama nyuma yangu na saa mkononi. Jaribu Tena naye alikuja, na kitabu chake cha maelekezo kifuani. Mizani iliyowekwa mezani ilikuwa ya duka la dawa. Nilipima kwa mawe matano, kila jiwe mara tatu, kwa kibanio chenye mikono mipana ninachotumia siku hizi. Kisha nikavuta kishikwambi.

Kioo kiliwaka. Niligusa *Cheti kipya*. Hakikusikia. Nililowesha sponji, nikagusa tena, ukurasa ukafunguka. Niliandika jina la duka, aina ya mizani, uzito wa kila jiwe, tofauti ya kila kipimo. Mara mbili tarakimu iliruka. Mara mbili niliiona nikairudisha, maana sasa nilisoma kila neno kabla ya kuliacha. Kwenye sehemu ya maoni niliandika *Sahihi*, nikaitazama ile S mpaka nikaridhika. Mwisho nikagonga tarakimu sita za majaribio nilizopewa na karani.

"Imepokelewa," kishikwambi kikasema, kwa sauti ileile ya kile kifaa cha usajili.

"Dakika kumi na moja," alisema Mkurugenzi. "Wenzako wanatumia nne."

"Nilikuwa natumia kumi na mbili kwa wino," nilisema. Ilikuwa kweli; madaftari yapo.

Alikisoma cheti juu hadi chini. Alikisoma tena. Kisha aliandika kibali palepale, kwa kalamu ndefu kuliko zote, na Jaribu Tena akanipa bahasha yenye namba yangu, iliyofungwa.

"Usimwambie mtu, Mzee. Hata mama watoto."

"Mama watoto atakuwa wa kwanza kuijua," nilisema. "Lakini si kwangu."

Nakala ya barua ya makao makuu nilipewa nisome kabla haijatumwa. Ilisema kwamba vyeti saba vimerudishwa na mizani kupimwa upya kwa sababu ya kosa la maandishi la mkuu wa karakana. Herufi S ilitajwa kwa jina. Niliitia sahihi kwa wino, polepole. Na mwandiko wangu wa sasa ni mbaya, sitaficha.

Lilibaki deni.

Jumatatu, tarehe 24 Julai, saa mbili kamili, niliomba kila mtu asimame kidogo. Kibanio alikuwa mahali pake kwenye meza ya pili. Nilihesabu vichwa, kama kiranja wa bweni, bila kuwaonyesha kwamba nahesabu. Mafundi wanane, karani wa stoo, mfagiaji.

"Wako kumi," nilisema. "Tarishi yuko wapi?"

"Amepeleka barua posta, Mkuu," alijibu karani wa stoo. "Atarudi saa tatu."

"Basi tutasubiri."

"Mkuu, inatosha," alisema Kibanio. "Wamo karibu wote."

"Kumi si kumi na mmoja. Wewe ndiye uliyehesabu."

Tulirudi kazini. Saa tatu na dakika tano tarishi aliingia, andazi mkononi, akakuta watu wamesimama wanamtazama yeye. Alilificha andazi nyuma ya mgongo.

"Simama hapo," nilimwambia. "Hukukosea kitu. Nakuhitaji usikie."

Nikageukia chumba kizima.

"Ijumaa ya tarehe kumi na nne, mahali hapa, nilimwita msaidizi wangu mghushi. Nilisema mara mbili. Hakughushi. Alipewa ruhusa kwa neno lililotoka kwenye simu yangu, na neno hilo lilikuwa na kosa langu, si lake. Mizani saba aliyoipima nimeipima tena, yote ni sahihi. Namwomba radhi mbele yenu kumi na mmoja, na ninyi mkiulizwa huko nje, semeni hivyo."

Mtu mmoja alikohoa. Kibanio alipangusa mikono kwa kitambaa, akavuka chumba, akanyoosha mkono. Hakuubana wangu, anajua unauma. Aliushika tu kwa viganja viwili.

"Nimelipwa, Mkuu," alisema. "Hunidai, sikudai."